Dishi la setilaiti ni intaneti, si usalama

Nimekuwa kimya kwa muda. Kwanza nilikuwa kazini, halafu nikawa likizo, halafu nikawa nimekwama. Hilo la tatu ndilo ninalotaka kulizungumzia leo.

Nilikwama Agosti 2025 kaskazini mwa Kenya, mahali fulani kati ya North Horr na Gus, pembezoni mwa jangwa la Chalbi. Nilikuwa na shemeji yangu na mwanawe wa miaka tisa. Ndani ya gari tulikuwa na dishi la intaneti ya setilaiti, lile dogo la Starlink linaloitwa Mini. Jioni iliyotangulia lilikuwa limetupa mtandao wa kasi kuliko ninaoupata nyumbani Nairobi. Asubuhi halikuweza kutuma hata neno moja. Dishi lenyewe halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu, na nina hofu kwamba wengi wenu mnaosafiri na madishi haya mko njiani kulirudia.

Basi hoja yangu ni hii, niiweke wazi mapema kwa wale wasiopenda hadithi ndefu: dishi la setilaiti hukupa intaneti, halikupi usalama. Hivi ni vitu viwili tofauti, na ukivichanganya utafika mahali pabaya ukiwa na moyo mkunjufu, ukidhani una mtu wa kumpigia.

Sasa hadithi.

Ofisi yetu ina watengenezaji programu watano. Kila wiki mmoja wetu anakuwa wa zamu: seva ikianguka saa nane usiku, ni simu yake inayolia. Kwa miaka mingi zamu hiyo imenifunga. Nikitaka kwenda mahali pasipo na mnara wa simu, lazima kwanza nibembeleze mwenzangu abadilishane wiki na mimi. Dishi dogo likaja kuondoa balaa hilo. Starlink ilipoanza kuuza Kenya Julai 2023, kifaa chake kilikuwa shilingi 89,000, nami nikasema hiyo ni ya wenye hoteli za watalii. Mwaka uliofuata ikaja hii Mini, nikanunua yangu kwa elfu ishirini na saba hivi. Ina uzito wa kilo moja na kitu, ruta imo ndani yake, na umbo lake ni kama lile sinia la kubebea vikombe vya chai. Shemeji alipoliona alilibatiza hapo hapo: "Sinia."

Tukapanga safari. Nairobi, Isiolo, Marsabit, kisha Maikona, Kalacha, North Horr, Gus, tuteremke Loiyangalani kwenye Ziwa Turkana, halafu turudi kwa barabara ya Laisamis inayopita kwenye ile mitambo 365 ya umeme wa upepo. Gari ni Prado ya shemeji, gia otomatiki. Kumbukeni hilo la otomatiki, litarudi.

Jioni ya tukio tulisimama kabla jua halijatua, tukapiga hema kando ya gari. Nikaliweka sinia mahali peupe, mbali na mgunga uliokuwa karibu (matawi yakiziba anga, mtandao unakatika-katika), nikalipangia mawe pembeni kwa sababu upepo wa kule si mchezo. Nikachomeka waya kwenye tundu la kuwashia sigara. Baada ya dakika chache, tayari! Nikapima: ucheleweshaji wa milisekunde arobaini na kitu. Nikaingia kwenye seva, nikarekebisha hitilafu ndogo, nikampigia mama watoto kwa video, akaona jua likizama. Kijana akatazama katuni. Shemeji akasoma habari za mpira. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Halafu tukalala. Na sinia nikaliacha likiwaka.

Mbona nililiacha? Kwa sababu nilikuwa wa zamu, na simu ya zamu lazima iwe hewani. Pia nilikuwa nimeiacha tarakilishi ikipakua faili kubwa za kazi, na simu zetu tatu, baada ya siku mbili bila Wi-Fi, zilikuwa zimeamua kwa pamoja kwamba huo ndio usiku wa kupakia kila picha na kusasisha kila programu. Malipo yangu ya mwezi hayana kikomo cha data, basi nikaona acha ziendelee.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri shemeji akazungusha ufunguo. Tik tik tik tik. Akajaribu tena. Tik. Kisha kimya.

Wale mliosoma fizikia mtakuwa mmeshakisia. Tufanye hesabu ambayo mimi nilipaswa kuifanya kabla ya kutoka Nairobi.

Dishi hili hutumia wati 25 hadi 40 likiwa kazini. Tuseme 30. Betri ya gari ni volti 12, kwa hiyo wati 30 ni ampea 2.5. Lakini adapta inayopandisha umeme kutoka volti 12 ya gari nayo hula kidogo chake, basi tuseme ampea 3. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na moja na nusu alfajiri ni saa kumi na moja na nusu. Zidisha: ampea-saa 34 na nusu. Ongeza friji ndogo ya gari, ambayo kwenye joto lile huvuta kama ampea moja na nusu kwa wastani: ampea-saa nyingine 17. Jumla ni zaidi ya 51. Betri yetu imeandikwa 70. Kwenye karatasi bado zimebaki karibu 19, lakini betri ya kuwashia gari haikuundwa kunyonywa polepole usiku kucha. Imeundwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache kisha ijazwe tena injini ikizunguka. Ukishaimaliza kupita nusu, starta haipati nguvu ya kuzungusha injini ya dizeli.

Sasa tazameni uzuri wa mtego huu. Gari haliwaki kwa sababu ya dishi. Nataka kutumia dishi kuomba msaada, lakini dishi linategemea betri ile ile. Nikalichomeka hata hivyo: taa ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Kila likijaribu kuvuta nguvu, volti zinashuka, nalo linajizima na kuanza upya. Nikatoa pawabanki yangu, kubwa, ya milliampea-saa 20,000. Haikufaa. Dishi hili likitumia waya wa USB-C linataka chanzo chenye uwezo wa wati 100, na pawabanki yangu inatoa wati 22.5. Inachaji simu vizuri sana. Nilikuwa pia na paneli ndogo ya jua ya kukunja, nayo ni ya simu tu.

Simu zetu zilikuwa na chaji ya kutosha, lakini minara hakuna. Mstari mmoja haupo. Ramani niliyokuwa nikiitumia ni ya mtandaoni, na sehemu tuliyokuwapo ilionyesha mraba wa kijivu na kidoti cha buluu katikati. Nilijua kabisa nilipo kwa hesabu ya latitudo na longitudo. Sikujua tu hapo ni wapi.

"Tusukume," nikasema.

Shemeji akanitazama. "Otomatiki, shemeji."

Gari la gia za kawaida ungeweza kulisukuma likawaka. La otomatiki halisukumwi likawaka, na hata lingekuwa la gia, ule mchanga haungeturuhusu.

Tukahesabu maji. Jerikeni la lita 20 lilikuwa limebaki chini ya nusu kwa sababu tulitegemea kujaza Gus. Kijana akauliza kama leo tutafika kwenye ziwa. Baba yake akamjibu tutafika. Mimi nikatazama pembeni. Nimeandika programu za benki, nimepoteza data za watu na kuzirejesha, lakini sijawahi kupata hisia ile: kujua kwamba mtoto wa mwenzangu yuko juani kwa sababu niliacha picha zijipakie usiku.

Mnamo saa tatu tukasikia kengele za mbao. Ngamia. Nyuma yao mzee mmoja na kijana wake. Nikasema "nagaa" yangu ya kubabaisha, mzee akaitikia, kisha akatuonea huruma akahamia Kiswahili. Nikamweleza. Hakuuliza mengi. Akanyoosha fimbo yake kuelekea kilima cha mawe meusi.

"Netiwaki iko pale juu. Asubuhi iko. Jioni inapotea."

"Ni mbali, mzee?"

"Si mbali."

(Wenyeji wa kaskazini wakikuambia si mbali, beba maji.) Tulitembea kama dakika arobaini, mimi na yule kijana wake, shemeji akibaki na mtoto kivulini. Juu ya kilima kijana akatoa kabambe yake, simu ya vitufe iliyofungwa kwa mpira, akasimama juu ya jiwe moja mahususi, akageuka kidogo, akapiga. Simu yangu ya bei ghali ilikuwa bado inatafuta. Yeye alikuwa tayari anaongea na binamu yake mwenye lori North Horr.

Lori lilifika saa tisa alasiri, limejaa mbuzi. Nyaya za jampa zilikuwa chini ya kiti cha dereva, mahali pake pa siku zote. Dakika tano tu, Prado ikanguruma. Mzee alikataa pesa, akakubali sukari na majani ya chai. Dereva alikubali zote mbili. Alipokuwa anakunja nyaya zake akaliona sinia juu ya boneti.

"Hii ni ya nini?"

"Ya intaneti. Ya setilaiti."

"Inaweza kupiga simu?"

"Inaweza. WhatsApp, kila kitu."

Akanitazama, akalitazama sinia, akamtazama tanboi wake. Walicheka mpaka mbuzi wakashtuka.

Nimekuwa nikiuwaza ule mcheko tangu nirudi. Na nimefikia mawazo mawili.

La kwanza ni la kiufundi, na ni la aibu kwa mtu wa kazi yangu. Hakuna mtengenezaji programu anayejiheshimu atakayeweka mfumo wa malipo kwenye seva moja, yenye diski moja, inayotumia umeme wa waya mmoja. Tunafundishana kila siku: tafuta mahali ambapo kitu kimoja kikivunjika kila kitu kinaanguka, kisha upaondoe. Mimi nilikwenda Chalbi na usafiri, mawasiliano, ramani, mwanga na maji baridi, vyote vikining'inia kwenye betri moja ya kuwashia gari. Mfumo wa namna hiyo ungeletwa ofisini nikague, ningeurudisha kabla ya chai ya saa nne.

La pili ndilo zito. Nilikwenda maeneo yale mara ya kwanza mwaka 2011, kabla lami haijafika Marsabit. Hatukuwa na chochote cha setilaiti. Kwa hiyo tulifanya nini? Tulisafiri magari mawili. Tulipita kituo cha polisi kuuliza habari za njia. Tulikuwa na ramani ya karatasi. Dada yangu Nairobi alikuwa na karatasi yenye siku na majina ya miji, na maagizo: usiposikia sauti yetu hadi Alhamisi, anza kupiga simu. Tulibeba maji kana kwamba tunahamia. Kila kijiji tulisimama, tukasalimia, tukauliza.

Mwaka 2025 sikufanya hata moja. Gari moja. Hakuna aliyejua njia yetu, kwa nini ajue na mimi nitampigia kila jioni? Ramani ya nini na mtandao ninao? Tulipita North Horr bila kushuka. Dishi halikuniongezea nguvu yoyote mbele ya jangwa. Liliniongezea ujasiri tu, na ujasiri usio na nguvu nyuma yake ndio unaoua watu. Nilifanya kama dereva anayeongeza mwendo kwa sababu amefunga mkanda.

Najua mtaniambia: wewe ulizembea tu, ungelizima dishi usiku. Ni kweli, na programu yake ina hata sehemu ya kulipangia saa za kulala. Lakini betri ni njia moja tu kati ya nyingi za kulipoteza. Upepo unaweza kulirusha mawe yakalivunja. Waya ukakanyagwa na ngamia. Malipo ya mwezi yakaisha ukiwa huko. Gari likapinduka na dishi likiwa ndani. Mtu akiumwa na nyoka hatua mia mbili kutoka kambini, dishi haliko naye. Ni kifaa kinachotaka umeme mwingi, anga wazi, kusimikwa na dakika kadhaa za kujitafutia setilaiti. Kifaa cha dharura kinatakiwa kiwe kinyume cha hayo yote.

Na tusisahau kinavyofanya kazi, kwa sababu ubora wake na udhaifu wake ni kitu kimoja. Wale wa rika langu mnakumbuka kwamba Kenya yetu iliongea na dunia kwa setilaiti. Kituo cha Longonot, kule Bonde la Ufa, kilifunguliwa mwaka 1970, na mpaka nyaya za chini ya bahari zilipotufikia mwaka 2009, yaani TEAMS na SEACOM, karibu intaneti yetu yote ilipanda angani kwanza. Setilaiti zile hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, zimetulia mahali pamoja ukiziangalia kutoka ardhini. Ombi lako linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: safari nne, kilomita 144,000. Hata kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, hiyo ni karibu nusu sekunde kabla seva haijafanya lolote. Ndiyo maana zile saiba kafe za zamani zilikuwa zinafungua ukurasa huku wewe ukimaliza soda.

Setilaiti za Starlink ziko kama kilomita 550 tu. Safari zile nne zinakuwa kilomita 2,200, yaani milisekunde kama saba. Zinazobaki huliwa na vituo vya ardhini na nyaya. Lakini setilaiti iliyo karibu hivyo haiwezi kutulia. Inazunguka dunia kwa kama dakika 95, inakupita juu kwa dakika chache na nyingine inapokea kijiti. Dishi halina motor. Ndani yake kuna antena ndogo nyingi zinazoelekeza mawimbi kwa umeme, likifuatilia moja kisha nyingine. Kazi hiyo ndiyo inayokula zile wati 30. Huwezi kupata kasi ile bila njaa ile. Linganisha na vile vifaa vidogo vya ujumbe vinavyotumia setilaiti za Iridium, 66 zinazozunguka kama kilomita 780 juu. Havifungui video wala ukurasa. Vinatuma maneno machache na mahali ulipo, vina kitufe cha dharura, uzito wake ni kama gramu 100, na betri yake ya ndani hudumu siku kadhaa. Kinaning'inia kwenye mkanda wako. Gari likiungua, bado unacho.

Sitaki mnielewe vibaya. Sijaliuza sinia. Bila hilo nisingeenda kabisa, na nisingemwona mtoto yule akiingia majini Loiyangalani siku iliyofuata, akipiga kelele mpaka upepo ukazibeba. Kwa mtu wa kazi kama yangu ni ukombozi. Kwa shule au zahanati ambayo haitafikiwa na waya leo wala kesho, ni jambo kubwa kuliko kambi yangu mara elfu. Ninachopinga ni ile picha tunayouziwa na tunayojiuzia: hema, nyota, dishi, familia inatabasamu, na wazo kwamba ukiwa na mistari ya Wi-Fi basi hauko mbali tena. Uko mbali. Umbali hupimwa kwa muda ambao msaada utachukua kukufikia, na video ikicheza vizuri haiusogezi karibu. Hata ukifanikiwa kuwapigia AMREF Flying Doctors pale Wilson, ndege inahitaji mahali pa kutua, na wewe unahitaji kujua pa karibu ni wapi.

Haya ndiyo ninayofanya sasa, kwa anayetaka kunakili:

1. Dishi lina betri yake. Nimenunua ya pembeni, ya saa-wati 300, inayojazwa gari likitembea. Gawanya kwa 30 upate saa kumi kwenye karatasi, nane kwa uhalisia. Ikiisha, imeisha, betri ya gari haiguswi.

2. Dishi lina saa zake. Dakika 45 jioni, nusu saa asubuhi. Dakika 45 ni kama saa-wati 23 tu. Na zamu nimerudi kubembeleza wenzangu, kwa sababu zamu ya porini ni uongo tunaomwambia bosi.

3. Upakiaji wote wa picha na sasisho zote nazima kabla ya kuondoka. Data ikiwa haina kikomo unasahau kwamba umeme unacho.

4. Ramani inapakuliwa nyumbani. Organic Maps na OsmAnd hutumia data ya OpenStreetMap na hufanya kazi bila mtandao wowote. Na ile ya karatasi imerudi kwenye gari.

5. Kifaa kidogo cha ujumbe kiko mwilini mwangu, si ndani ya begi. Kabla hujaagiza cha kwako, ulizia kwanza Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu vibali.

6. Kuna mtu nyumbani mwenye njia yetu kwa maandishi, na saa ya kuanza kuwa na wasiwasi. Nikiwa na mtandao nitampigia. Nisipompigia, asingoje.

7. Nyaya za jampa. Chini ya kiti cha dereva. Nimejifunza kwa mwalimu.

8. Ukikaribia mpaka, kumbuka leseni hufuata nchi, haifuati anga. Mwaka 2025 Uganda na Tanzania zilikuwa hazijatoa leseni kwa Starlink. Usipange safari ukidhani dishi litaendelea tu kwa kuwa setilaiti iko juu yako.

9. Shuka kwenye gari. Salimia watu. Uliza.

Hilo la tisa ningeliweka la kwanza, ila nilijua watengenezaji programu wenzangu mngeacha kusoma hapo. Lakini fikirini: siku ile kulikuwa na mtandao uliofanya kazi. Ulikuwa na mzee anayejua jiwe gani lishikalo mawimbi na saa ngapi, kabambe yenye chaji, binamu mwenye lori na nyaya za jampa mahali pake. Mtandao huo haukukatika hata mara moja. Mimi ndiye niliyepita North Horr bila kuingia ndani yake, vioo vimefungwa, nikiwahi mahali pazuri pa kuweka sinia.

Tunaita kule porini. Wao wanakuita nyumbani, na wanajua hasa nini kinavunjika na nani wa kuitwa. Tukiwa na dishi tunajidanganya kwamba hatuwahitaji, na hapo ndipo tunapokuwa wageni kweli.

Disemba tunarudi, safari hii magari mawili, na kijana ameshaomba akae kwenye lile lenye sukari ya mzee. Sinia litakuwemo. Nimelipangia mahali pake: chini kabisa, nyuma ya majerikeni ya maji, ili kila nikilitaka nilazimike kwanza kuyahamisha na kuyahesabu.

Haya, narudi kazini. Leo ni zamu yangu, na niko Nairobi, karibu na chaja.